Mshumaa Ambao Haukuwashwa

Nibaldo Sanhueza alianza kwa kuokota. Kila Jumatano, watoto wakishatoka kwenye darasa la roboti, yeye ndiye aliyebaki na ufagio, na katika takataka zao alikuta vitu vidogo ambavyo mkono wake ulikataa kuvitupa: taa ndogo kama punje ya mtama, skrubu, vipande vya waya wa rangi, na mara moja mota nzima ya manjano iliyovunjika sikio. Alivipangusa kwa shati, akavitia kwenye kopo la maziwa juu ya meza ya Mwalimu Yasna Cid. Kopo lilipojaa, mwalimu akamrudishia.

"Hivi hakuna anayevitaka tena, don Nibaldo. Njoo Jumamosi nikuonyeshe vinafanya kazi gani."

Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Shule hiyo ya Lota, mji wa pwani kusini mwa Chile, alikuwa ameifagia kwa miaka ishirini na moja, tangu mgodi wa makaa ulipofungwa, na kabla ya hapo alikuwa amesukuma vigari vya makaa chini ya sakafu ya bahari tangu ujana wake. Masomo aliyaachia darasa la sita. Mkewe alikwenda Santiago kufanya kazi za ndani, akapata huko na mume wa pili. Nibaldo akarudi kuishi na dada yake Uberlinda, mjane aliyemzidi miaka kumi na miwili, ambaye ndiye aliyemlea yeye baada ya mama yao kufariki. Sukari ilikuwa imemla Uberlinda mguu wa kushoto hadi juu ya goti. Alishinda kitandani kando ya dirisha, na kilichobaki kizima mwilini mwake kilikuwa ulimi.

Nyumba yao ilikuwa katika yale mabanda marefu ya mbao waliyojengewa wachimbaji zamani, nyumba ubavuni mwa nyumba, ukuta mmoja wa mbao kwa familia mbili. Mtu akikohoa huku, wa kule humwambia pole.

Jumamosi ya kwanza Nibaldo aliunguza taa tatu. Aliziunganisha moja kwa moja na betri, kila moja ikawaka kama jicho la paka, kisha ikazimika isiwake tena. Mwalimu, mwanamke wa miaka thelathini hivi mwenye kucha zilizotafunwa, alimweleza kwamba umeme ni kama maji ya mlimani, usipouwekea kizuizi njiani unabomoa. Nibaldo akaandika hayo kwenye daftari la mistari ya hesabu, kwa herufi kubwa. Jumamosi ya pili taa iliwaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika, kwa amri aliyoiandika mwenyewe kwenye kompyuta kwa kidole kimoja. Aliitazama mpaka mwalimu alipomwambia kwamba anataka kufunga mlango.

Alipomwonyesha dada yake, Uberlinda aliitazama taa ile kwa muda.

"Miezi mingapi umesoma ili ufanye hivyo?"

"Wiki mbili, Dada."

"Kimulimuli hufanya hivyo bila kwenda shule."

Lakini Nibaldo hakuacha. Jambo moja lilikuwa limemwingia kichwani. Miaka ishirini alikuwa amesukuma vigari kwa bega, na hapa palikuwa na watoto wa darasa la saba waliotengeneza vigari vinavyokwenda bila bega la mtu. Chini ya tumbo kigari kilikuwa na macho mawili yanayoiona tepu nyeusi iliyobandikwa sakafuni, nacho huifuata tepu hiyo hata ikipinda. Nibaldo alifikiri: kutoka jikoni mpaka kitandani kwa Uberlinda ni hatua kumi na moja. Yeye yuko shuleni toka asubuhi mpaka jioni, na dawa ya saa tano dada yake huikosa siku tatu kwa wiki, kwa kuwa hapendi kumpigia ukuta jirani kila siku.

Alikata mwili wa kigari kwenye ubao wa sanduku la matunda. Magurudumu aliyafunga kinyume, kikarudi nyuma. Akageuza nyaya, kikazunguka mahali pamoja kama kuku aliyekatwa kichwa. Siku nzima aliitafuta alama moja ndogo aliyosahau kuiandika mwishoni mwa mstari wa amri za kompyuta, na alipogundua akacheka peke yake kwa hasira. Uberlinda, kutoka kitandani, alikuwa na maoni kuhusu kila hatua. Kigari kilipokuja kwa mara ya kwanza kikiyumba kushoto na kulia juu ya tepu, alikipa jina palepale.

"Huyu ni Mlevi," alisema. "Anatembea kama marehemu mume wangu siku ya mshahara."

Mwishoni mwa Juni, baridi ikiwa imeshashika, Mlevi alitoka jikoni na kopo la dawa na nusu kikombe cha chai, akapinda kwenye kabati, akafika kitandani, akasimama. Chai haikumwagika. Uberlinda alikichukua kikombe, akanywa bila kusema neno, na Nibaldo alijua kwamba kunyamaza kule kulikuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Kisha akapiga ukuta na kumwita Bi Clodomira, jirani yao fundi cherehani, aje aone. Bi Clodomira alikuja na futi shingoni, akaona, akapiga ishara ya msalaba.

"Kikinikanyaga vidole nakipiga teke," alisema, akaomba kirudie tena.

Tatizo lilikuwa betri. Za dukani hazikumaliza wiki. Katika stoo ya shule kulikuwa na gunia la betri za kompyuta mbovu zilizoandikwa kuwa za kutupwa, na ndani ya kila moja mna betri ndogo za duara, nene kama kidole gumba, nyingine bado nzima. Gunia halikuwa la mwalimu kutoa wala la Nibaldo kuchukua. Walikubaliana hivyohivyo, bila kulisema sana. Lakini Mwalimu Yasna alimkanya, na akamkanya kwa kidole: iliyovimba usiiguse, iliyokaa miaka bila chaji usiiamini, na ukizichaji usitoke hata kwenda msalani. Nibaldo akaitikia kwa kichwa. Alichagua nne, akanunua chaja isiyo na jina kwenye gulio la Ijumaa, kwa mtu aliyekuwa akiuza pia soksi na koleo.

Kwa wiki tatu alitii. Alikaa mbele ya chaja kama mtu anayechunga maziwa jikoni yasifurike. Mara moja aliona kuwa mojawapo inapata moto kuliko wenzake. Akaitoa, akaiacha ipoe, akairudisha. Hakumwambia mtu.

Jumanne moja ya Julai mvua ilikuwa ikipiga bati tangu alfajiri. Uberlinda alikuwa ameamka vibaya, kisiki cha mguu kikimuuma, na akasema kwamba angependa chai yake ije saa tano bila kumsumbua Clodomira. Nibaldo alikuwa ameshamwekea Mlevi saa ya kuondoka, na chai ya kikombe cha kifuniko mgongoni. Kilichokosekana ni chaji. Ilikuwa saa mbili kasorobo, na shule hufunguliwa saa mbili. Aliziweka betri kwenye chaja, juu ya meza ya jikoni yenye kitambaa cha plastiki, chini ya pazia, waya mmoja ukishuka hadi kwa Mlevi, wa kuchomoka wenyewe akianza kuondoka, akatazama taa nyekundu ikiwaka, akavaa koti.

"Dada, nimezichomeka. Saa tano atakuja mwenyewe."

"Akichelewa namkata mshahara," alisema Uberlinda.

Saa tatu na nusu, akiwa anakausha ukumbi wa shule, alisikia king'ora cha zimamoto. Huko kwao king'ora kikilia kila mtu hutazama juu kilimani kwanza, kwenye mabanda ya mbao. Nibaldo alitazama, akaona moshi uko upande gani, akakimbia na funguo zote za shule zikimpiga pajani.

Aliyemwokoa Uberlinda alikuwa Bi Clodomira na mwanawe Eliseo. Walivunja dirisha, wakamvuta nje pamoja na godoro. Moto ulikwenda na nyumba tatu kwa muda usiofika saa moja: yao, ya Bi Clodomira, na ya Mzee Fidelino Aravena upande wa pili. Siku hiyo hakufa mtu. Bi Clodomira alipoteza cherehani iliyomlisha, na kabati lenye nguo za binti yake aliyefariki akiwa na miaka kumi na tisa, nguo alizokuwa akizianika juani kila mwaka baridi ikiisha. Mzee Fidelino alipoteza vyote alivyokuwa navyo, na mbwa wake aliyekimbilia chini ya kitanda.

Kiongozi wa wazima moto, mtu wa kujitolea kama wenzake, alikuwa akiuliza moto ulianzia wapi. Majirani walikuwa wamesimama duara kwenye mvua. Nibaldo alifungua kinywa. Mkono ulimshika kifundo cha mkono, mkono wa Uberlinda, kutoka kwenye machela, uso wake umejaa masizi.

"Mshumaa," alisema Uberlinda, kwa nguvu ya kumfikia kila mtu. "Nilimwashia mtakatifu San Lorenzo mshumaa, nikasinzia."

Kiongozi aliandika. Bi Clodomira alisikia. Eliseo alisikia. Nibaldo alisimama pale, mkono wa dada yake ukimbana, na kinywa alichokuwa amekifungua akakifumba.

Hospitalini, walipoachwa wawili, alimuuliza kwa nini. Uberlinda alimweleza kwanza jinsi ilivyokuwa: alisikia jikoni kitu kikichacharika kama mafuta kwenye kikaango, kisha mlipuko mdogo, moshi mweupe, kisha pazia. Halafu akamjibu.

"Umebakiza miaka minne upate pensheni. Wakijua betri zimetoka kwenye stoo ya shule, kesho huna kazi, na yule msichana wa watu naye hana. Mimi watanifanya nini? Wanikate mguu wa pili?"

"Watakuchukia, Dada."

"Wanichukie. Mimi siendi gulio."

Mwalimu Yasna alikuja kumwona Uberlinda wiki ile ile. Kwenye korido, akiwa ameshika mfuko wa machungwa, alimuuliza Nibaldo zile betri zilikuwa wapi siku ya moto. Nibaldo akasema zilikuwa kwenye kopo. Mwalimu alimtazama, akatazama machungwa, na hakuuliza tena.

Manispaa iliwapa kibanda cha mbao cha dharura, chumba kimoja, kilichowekwa ukingoni mwa kiwanja cha mpira. Uberlinda alirudi na kifua kilichokuwa kikipiga filimbi. Na kama Nibaldo alivyosema, walimchukia. Kwenye foleni ya gesi watu walimuuliza Nibaldo iwapo dada yake ameshanunuliwa tochi. Mtu alichora mshumaa kwa chaki mlangoni mwa kibanda. Wanawake ambao zamani walisimama dirishani pa Uberlinda kusikia matusi yake mapya walipita upande wa pili wa barabara. Bi Clodomira alikuja mara moja tu. Hakuketi.

"Ulimwomba nini huyo mtakatifu, Uberlinda, hata akuunguze na mimi humohumo?"

Nibaldo alikuwa akiwasha jiko. Aligeuka, na dada yake akamtazama kwa jicho lile lile la utotoni, jicho lililomaanisha kaa kimya au nitakupiga.

"Nilimwomba majirani wenye subira," alisema Uberlinda. "Umeona mwenyewe kama alinisikia."

Bi Clodomira aliondoka. Uberlinda alijigeuza ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mama yao Nibaldo aliona mabega yake yakitikisika. Alimwambia atakwenda kusema. Akamjibu, bila kugeuka, kwamba akisema, naye atasema kwamba mdogo wake amechanganyikiwa akili kwa sababu ya moto.

Nibaldo hakusema. Huo ndio ukweli, na mwenyewe baadaye hakuupamba. Alijiambia kwamba anamtii dada yake. Lakini kila mwisho wa mwezi mshahara ulipoingia aliona pia kwamba ameshukuru.

Uberlinda alifariki Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha. Daktari aliandika mapafu. Maiti ililazwa kwenye ukumbi wa mtaa, kwa kuwa kibanda hakikutosha jeneza na watu. Watu wenyewe hawakuwa wengi: Mzee Fidelino, Bi Clodomira na Eliseo, wanawake watano wa rozari, Mwalimu Yasna kwenye kiti cha nyuma karibu na mlango. Waliokuja walikuja kwa sababu maiti haisusiwi. Walipomaliza rozari, ikagawiwa kahawa, na mmojawapo akasema kwa sauti ya chini, si kwa ubaya, kwamba angalau sasa mishumaa ni salama mkononi mwa marehemu.

Nibaldo alisimama. Alikuwa amevaa koti la kuazima lililomzidi mikono.

"Hakuwasha mshumaa," alisema. "Ni mimi. Niliacha betri za kile kigari kwenye chaja, nikaenda kazini. Nilikuwa nimekanywa nisiziache. Moto ni wangu. Dada yangu alinifunika kwa ajili ya kazi yangu, nami nikakubali kufunikwa."

Kisha Mzee Fidelino, ambaye mbwa wake alikuwa ameungua, aliweka kikombe chini, akaja kumshika bega.

"Keti, mwanangu. Mtu mwenye ndugu mwema hata kaburini hayuko peke yake."

"Nasema kweli, Mzee."

"Tunajua unampenda."

Nibaldo aliwaambia jinsi betri ile ilivyokuwa ikipata moto. Aliwaonyesha ukubwa wake kwa kidole gumba. Eliseo akasema, kwa upole wa kumsemesha mgonjwa, kwamba kitu cha kukaa kiganjani hakiwezi kula nyumba tatu, na marehemu mwenyewe alisema kwa kinywa chake mbele ya watu wote. Nibaldo akatazama mlangoni. Palikuwa na mtu mmoja tu ukumbini anayejua kwamba betri kama ile inaweza. Mwalimu Yasna alikuwa ameinamisha kichwa, akitazama viatu vyake, na mikono ameifumbata mapajani. Alikuwa na mtoto mdogo na mkataba wa mwaka mmojammoja. Nibaldo alimngoja kidogo. Hakuinua kichwa.

Nibaldo akaketi. Wanawake wa rozari wakaanza fungu lingine, kwa ajili yake.

Baada ya mazishi alikwenda kwa kiongozi wa wazima moto, ambaye kwa kazi yake ya kila siku alikuwa akiuza samaki sokoni. Yule mtu aliufuta mkono kwenye aproni, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba karatasi zilikwishapelekwa tangu Julai na faili imefungwa, na kwamba marehemu haimuumizi tena. Nibaldo akamjibu kwamba yeye inamuumiza bado. Mwuza samaki alisema hilo analielewa, akamfungia samaki wawili kwenye gazeti.

Darasa la roboti hakuingia tena ila kufagia, na alilifagia watu wakiwa wametoka. Mwalimu Yasna alihamia shule nyingine mwaka uliofuata. Siku ya mwisho alimwachia barua kwenye ndoano ya koti. Nibaldo aliisoma, akaikunja, na hakumweleza mtu iliyosema nini.

Aliyembakia wa kumshawishi ni Bi Clodomira. Alikuwa amejengewa nyumba upya, mbao mpya zikinuka utomvu, na cherehani ya mkopo dirishani. Nibaldo alibisha hodi Jumapili moja, akakaribishwa kiti, akamweleza yote tena tangu mwanzo, polepole: gunia, chaja ya gulioni, kitambaa cha plastiki, saa. Alimwambia hata kwamba mshahara wake alikuwa akiufurahia. Bi Clodomira alikuwa akipinda suruali ya mtu. Kwanza aliendelea kushona, halafu mguu ukaacha kukanyaga cherehani.

"Jirani," alisema mwishowe, "mimi nilimwambia dada yako maneno. Nilipita upande wa pili wa barabara. Alipokuwa anakufa sikwenda. Kama hayo unayosema ni kweli, basi nimemchukia mtu asiye na kosa, na keshakwenda, siwezi kumwomba radhi. Unataka niyabebe hayo?"

"Nataka ujue."

"Mimi sina mahali pa kuyaweka. Nenda nyumbani. Mshumaa ulikuwa mshumaa."

Akakanyaga cherehani, ikaanza kulia. Nibaldo alikaa kidogo, kisha akatoka, akaufunga mlango taratibu.

Kule mabandani, mpaka leo, mtoto akichezea moto huambiwa asije akawa kama Uberlinda. Nibaldo amestaafu. Bado anaishi kwenye kile kibanda cha dharura kilichokusudiwa kukaa miezi sita. Kila Jumapili adhuhuri Eliseo humletea sufuria ya maharagwe yenye tambi ndani, kutoka kwa mama yake, kwa kuwa mama yake humhurumia mzee yule aliyeunguziwa nyumba na dada yake. Mara mbili za kwanza Nibaldo aliirudisha ikiwa imejaa. Siku hizi huipokea, hula, huiosha, na kuirudisha safi.